Zawadi ya Mkono: Je, Kutoa ni Moyo Peke Yake?

Tuanze na harusi moja tuliyoihudhuria hapa Idjwi, upande wa kusini, kwa Ntambuka. Saa ya zawadi ilipofika, mtu wa protokole alishika mikro akaanza kutangaza: godoro moja, basini mbili, sahani dazeni moja, bahasha na kiasi cha franga kilichomo ndani. Kila kitu kilipigiwa makofi kwa kadiri ya bei yake. Ndipo akaja shangazi wa bibi-harusi, dada ya baba yake, na furushi lake. Alilifungua mwenyewe. Mlikuwa na mifuko minne ya kwenda nayo sokoni, vitambaa sita vya kushikia sufuria ya moto, kifuniko cha bugali, na ngata mbili za kubebea mzigo kichwani. Vyote vilishonwa kwa kikwembe.

Makofi yalikuwa machache. Nyuma yetu mtu alisema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana: “Aa! Shangazi mzima analeta bitambaa tu?” Mwenzake akamjibu: “Njo vile ameweza. Kutoa ni moyo.”

Jibu hilo lilitufuata hadi ndani ya mtumbwi wa kurudi nyumbani. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Lakini siku ile methali hiyo nzuri ilitumiwa kama msamaha, kama kusema: tumhurumie, ni maskini. Basi tukajiuliza: zawadi iliyotengenezwa kwa mkono ni zawadi ya yule aliyekosa pesa? Au ina thamani yake yenyewe? Na kama inayo, thamani hiyo inatoka wapi?

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Kabla ya basini za plastiki kufika kwa mashua kutoka Bukavu na Goma, nyumba mpya ya Mhavu ilijazwa na vitu vya mikono: kikapo, mkeka, kibuyu, na chungu kilichofinyangwa na Wambuti wa kisiwa, ambao kazi yao hatukuiheshimu kila mara kama ilivyostahili. Hakuna aliyesema kwamba kikapo ni zawadi ya maskini. Kila mtu alijua kinachukua siku ngapi.

Tena kuna jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui. Katika karne ya 19, biashara ya pande zote za ziwa Kivu ilitumia butega, yaani bangili zilizosukwa kwa nyuzi za mimea ya msituni. Zilitengenezwa na Watembo wa magharibi ya ziwa, zikapita mikononi mwa watu hata kuvuka maji, na kwa hizo watu walinunua vyakula na mifugo. Idjwi, kwa kuwa iko katikati ya ziwa, ilikuwa ndani ya biashara hiyo. Angalieni basi: babu zetu walikuwa na pesa, na pesa yenyewe ilikuwa kazi ya vidole. Mtu aliyeshika butega alishika pia saa za mtu mwingine aliyekaa akizisuka. Siku hizi tunashika noti, na hatuoni tena ndani yake mkono wa mtu yeyote. Labda njo sababu tunapiga makofi kwa bahasha, na tunanyamaza mbele ya mfuko ulioshonwa.

Mtu anaweza kutupinga: “Kikwembe si desturi yetu. Kilitoka Ulaya.” Ni kweli. Waholanzi waliiga batiki ya Java katika karne ya 19, na kiwanda cha Vlisco kilianzishwa mjini Helmond tangu mwaka 1846. Baadaye nguo hizo zilienea Afrika, na siku za Mobutu, katika miaka ya 1970, kikwembe kilifanywa vazi la mwanamke wa Zaire hata suruali ikakatazwa. Lakini desturi haipimwi kwa mahali kitu kilipotoka. Inapimwa kwa yale ambayo watu wamefanya nacho. Sambaza pia zililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, na leo nani atasema si samaki wa ziwa letu? Kwetu kikwembe kimebeba watoto mgongoni, kimefunika wagonjwa, kimefunga maiti. Mama akifariki, binti zake hugawana bikwembe vyake kabla ya kugawana sufuria.

Turudi sasa kwa swali la thamani. Mfaransa mmoja, Marcel Mauss, aliandika mwaka 1925 insha mashuhuri juu ya zawadi. Alionyesha kwamba katika jamii nyingi zawadi si jambo la hiari tupu: kuna wajibu wa kutoa, wajibu wa kupokea, na wajibu wa kurudisha. Wazee wetu hawakumsoma, lakini walilijua hilo. Kwenye harusi zetu mtu huketi na daftari na kuandika: fulani ametoa hiki, fulani ametoa kile. Siku ya harusi ya fulani, daftari linafunguliwa. Ni aina ya likelemba iliyovaa nguo za sherehe.

Daftari si baya. Limesaidia ndoa nyingi kusimama. Ubaya unaanza pale mtu anapokopa ili jina lake lisomwe vizuri kwenye mikro. Tumeona watu wakiuza mbuzi wa karo ya shule ili wanunue zawadi ya harusi. Na mwaka 2025, vita vilipofika Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, benki zikafunga milango na franga zikawa ngumu kupatikana, lakini watu hawakuacha kuoana wala kuzaa. Hapo wengi waligundua kwamba hawajui tena kutoa kitu kisichonunuliwa. Mikono walikuwa nayo, lakini haya iliwashika.

Sasa tazameni zawadi ya yule shangazi kwa macho ya fundi. Pisi nzima ya kikwembe ni yadi 6, nayo hukatwa vipande vitatu. Kipande kimoja kina karibu metro 1.80 kwa 1.20. Ukipima vizuri, kinatoa mifuko minne ya sentimetro 40 kwa 45 pamoja na mikono yake, na kinachobaki ni utepe mwembamba tu. Lakini lazima kwanza ukifue, kwa sababu nguo mpya ina wanga na inaweza kurudi nyuma ikiingia maji. Kama ni kikwembe cha zamani, lazima ukiinue juani uone mwanga unapopita: pale palipokaliwa na pale pa magoti pamechoka, hapafai kubeba viazi. Mikono ya mfuko inashonwa mara mbili na kurudiwa kwa msalaba, maana uzito wote unaning’inia hapo. Kitambaa cha kushikia sufuria kinatakiwa kiwe pamba tupu, na ndani yake kuwekwe blanketi la zamani. Ukitumia nguo ya nailoni, siku moja itayeyuka mikononi mwa binti yako.

Hayo yote hayaonekani kwenye mikro. Lakini njo hapo tunapoona sehemu ya kwanza ya jibu. Anayenunua anaweza kununua bila kumfikiria mtu: basini ile ile inamfaa yeyote. Anayeshona analazimika kufikiri: huyu binti ataolewa juu ya kilima, atapanda na mzigo kichwani, basi ngata iwe nene. Mume wake anavua sambaza, basi mfuko mmoja uwe wa kufulika kwa urahisi. Zawadi ya mkono inamwangalia mpokeaji. Na kwa kuwa inatumika, inafuliwa, na kutumika tena, inaendelea kumwangalia kwa miaka.

Kuna pia ziwa. Serikali yetu, kwa dekreti nambari 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017, ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki. Jirani zetu wa Rwanda walikuwa na sheria yao tangu 2008. Hata hivyo takataka za plastiki zimeendelea kuelea Kivu hadi mlango wa Ruzizi, ambako zimeziba mitambo ya umeme na kuingiza Bukavu gizani. Sheria inaweza kukataza sashe, lakini haiwezi kuweka kitu kingine mkononi mwa mama anayekwenda sokoni. Mfuko wa shangazi unaweza.

Tungeweza kumalizia hapa, tukisifu mikono ya mama zetu. Lakini hatungekuwa wakweli, kwa sababu kuna pingamizi zito zaidi, na linatoka kwa wanawake wenyewe. Dada mmoja fundi wa kushona alituambia: “Mnasifu tu. Lakini kila harusi wananiletea bikwembe, wanasema, nisaidie, si kushona tu? Uzi ni wangu, mashini ni yangu, usiku ni wangu. Halafu jina linasomwa la mwingine.”

Maneno hayo yalituuma. “Si kushona tu.” Ndani ya neno hilo “tu” mna historia ndefu. Siku za Wabeleji, kule Usumbura, kulikuwa na Foyer Social iliyofanya kazi toka 1946 hadi 1960. Humo wanawake walifundishwa kushona, kupika na kufua ili wawe wake wema kwa kipimo cha mkoloni. Ujuzi walioupata ulikuwa wa kweli, na wengi waliutumia kwa faida yao. Lakini ulifundishwa kama utii, si kama ufundi wenye bei. Nasi baada ya Uhuru tumeendeleza somo lile lile majumbani: mwanaume akitengeneza kiti ni fundi, analipwa, mwanamke akishona mifuko kumi ni dada mwenye moyo mzuri.

Hapa basi methali yetu inahitaji kuongezewa. Kutoa ni moyo, ndiyo, lakini lazima kiwe kitu chako. Kama thamani ya zawadi ya mkono ni saa zilizotumika, basi mtu anaweza kutoa saa zake tu. Anayetoa saa za mwenzake bila kumuuliza na bila kumrudishia hatoi zawadi. Anachukua, halafu anavuna sifa. Na zawadi aliyolazimishwa binti asiyeweza kusema hapana ni kodi, hata ikifungwa kwa utepe.

Miezi mingi baadaye tulipita tena upande ule, tukamkuta bibi-harusi, sasa mama wa mtoto mmoja. Tulimuuliza habari za zawadi zake. Alicheka: “Ile basini ya manjano ilishapasuka. Lakini hii mifuko, angalieni, iko tu mizima.” Mmoja ulikuwa umetiwa kiraka. Mwingine ulikuwa na nguo za mtoto.

Kisha akatuambia jambo ambalo siku ya harusi hakuna aliyelijua. Shangazi hana mashini. Alikata na kupiga kamba kwa mkono, lakini mishono ile migumu alishonewa na binti wa jirani. Tukashtuka kidogo: kumbe naye alitoa kazi ya mwingine? “Hapana,” alisema. “Alimulimia yule binti siku mbili mu shamba ya mihogo. Alimwambia, wewe unanipa mikono yako, mi nakupa yangu. Halafu alinitajia jina lake, akasema nimushukuru yeye pia.”

Njo hilo tu tulilokosa kusikia siku ile. Mtu wa protokole alitangaza idadi ya mifuko, na sisi tukahesabu kikwembe kwa franga, tukaona ni kidogo. Hakuna aliyeuliza: nani alishona, na alilipwa nini? Swali hilo halijaandikwa katika daftari la harusi zetu. Tunafikiri lingestahili safu yake, pembeni ya ile ya franga.

Basi siku utakapoalikwa, ndugu msomaji, nawe ukatamani kutoa kitu cha mkono, usione haya. Chagua nguo ya kweli, shona mara mbili pale penye uzito, na kabla ya kufunga furushi jiulize kama mikono yote iliyomo humo ilikuja kwa hiari yake. Kama bado, jembe liko, na shamba la jirani liko.