Mierezi ya Lebanoni na Mbuzi



Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 5, twasoma ya kuwa Sulemani alimwomba Hiramu, mfalme wa Tiro, mierezi ya Lebanoni kwa kuijenga nyumba ya Mungu. Watu 30,000 walitiwa kazini kwa zamu, 10,000 kila mwezi, nayo magogo yakashushwa mlimani yakapitishwa baharini.

Wala Sulemani siye aliyetangulia. Merikebu ya Khufu, mfalme wa Misri, iliyofukuliwa mwaka 1954 karibu na piramidi yake, ni ya mierezi iyo hiyo, nayo yapata miaka 4,500. Wafalme wa Ashuru na wa Babeli wakaja baadaye na mashoka yao. Hata Hadriano, Kaisari wa Rumi (117–138), alipochora katika miamba ya Lebanoni amri ya kukataza watu aina nne za miti, alijiwekea mwenyewe. Wakataji twawasoma majina yao, aliyepanda hatumsomi.

Leo msitu ule mkuu umebaki vichaka vichache. Kimoja ki karibu na Bsharri. Miti yake mikubwa iliachwa isimame, walakini miche haikukua, kwa kuwa mbuzi waliila ingali laini. Kwa hiyo mwaka 1876 kilizungushiwa ukuta wa mawe kwa fedha ya Viktoria, malkia wa Uingereza.

Ndugu, tuyatafakari haya. Shoka huwakata wazee, na kishindo chake husikika mbali. Mbuzi hula watoto wa mti, wala hakuna asikiaye. Msitu wenye wazee bila watoto umekwisha kufa, ijapokuwa bado una kivuli.

Je, shirika zetu si vivyo hivyo? Twahesabu wazee walioketi mbele, twafurahi. Lakini mafundisho ya watoto yakiahirishwa leo kwa ajili ya soko, na kesho kwa ajili ya ngoma, ni nani aonaye mche umeliwa?

Basi, enyi waalimu, jengeni ukuta. Nanyi wazazi, pandeni miti kandokando ya kanisa, mkaizungushie miiba, watoto wenu wakiwapo waone. Mwerezi hukua polepole. Apandaye hatapaua kwa mbao zake. Lakini sisi nasi twasali chini ya mbao za miti tusiyoipanda.

Bwana atupe mikono ya kupanda na macho ya kulinda. Amina.