Wanja wa Manga na Amana ya Muuzaji

Ithimidi aliyoisifu Mtume (s.a.w.) ni jiwe maalumu, lakini wanja uuzwao leo kwa jina hilo, wataalamu walioupima wameukuta mara nyingi ni risasi iliyochanganyika na salfa. Risasi huharibu akili ya mtoto, wala hakijulikani kiasi chake kisichodhuru. Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kuhadithiwa: kwa sumu hiyo hiyo ya Owino Uhuru, palipoyeyushwa betri kuukuu, mahakama iliamuru mwaka 2020 fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Bibi ampakaye mjukuu kwa mapenzi, hali hajui, hatuthubutu kumlaumu. Muuzaji je? Amekwisha ambiwa, naye yuajibu, "Hii ni sunna." Naaulize kwanza mzigo wake una nini, kisha ndipo amtaje Mtume.