Kivuli cha Mwani ni cha Nani?

Wanafunzi wangu wa kemia huniuliza swali lisilo la kemia: kinga ya jua iliyomo ndani ya mwani mwekundu, Mungu ameiweka kwa ajili ya nani? Mwenzangu anayesomesha dini hana shaka. Bahari tumetiishiwa, anasema, basi ni yetu.

Mimi sina haraka hiyo. Mwani uitwao Porphyra huota kwenye miamba ya Atlantiki. Maji yakitoka hubaki juu ya jiwe, hauna pa kukimbilia, kwa hiyo hujitengenezea molekuli kama shinorini na pofira-334. Hiyo 334 ni nanomita: mwale wa urujuanimno ambao molekuli huunasa kuliko mingine, ikautoa kuwa joto lisilodhuru. Kuzipata si kazi ngumu, maana huyeyuka katika maji. Tabu ni uchache wake, miligramu chache tu katika gramu ya mwani mkavu. Waswisi wamekwisha kuzitia kwenye krimu.

Wa kwanza kuhitaji kinga hii, basi, ni mwani wenyewe. Nao si wa mwisho kabla yetu: jongoo bahari hawezi kuzitengeneza molekuli hizi, huzipata kwa anachokila. Riziki ilikwishapita kwa wengi sisi tukiwa hatuna habari. Kutiishiwa kitu, ndivyo nionavyo, ni ruhusa ya kutumia. Hati ya kumiliki ni jambo jingine. Na mwenye ruhusa huulizwa amempa nani.

Hapo ndipo krimu ile ya Waswisi, ya kuzuia mikunjo, inaponikwaza. Mama yangu hulima mwani Jambiani: maji ya magotini, jua la utosini, kinga yake ni mtandio. Spinosamu anayofunga kwenye kamba ni mwani mwekundu pia, ila hununuliwa kwa ajili ya karagini, ule utelezi wa kuzipa uzito dawa za meno na maziwa ya viwandani. Yeye angalau ana weusi wake. Mtu mwenye ualbino hana hata huo, na kwake jua la Tanzania ni saratani. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu hao. Haitokani na mwani, lakini walioianzisha walijua wa kuanza naye.

Chukueni mwani, wenye maabara, sikatazi. Ila kabla ya kopo la dukani, pelekeni moja Moshi likapimwe.