Tusingoje Bure



Chini ya kilima chetu cha Mbuya kiko kinamasi cha Kinawataka, ambacho maji yake huelekea Ziwa Victoria. Kereng'ende tunaowaona wakiruka huzaliwa majini. Mtoto wake hawezi kuruka, na rangi yake ni ya tope. Hukaa humo miezi, wengine hata miaka. Lakini hakai bure: hurusha mdomo wake wa chini na kukamata viluwiluwi vya mbu, adui wa watoto wetu. Naye hulisha samaki na ndege. Siku yake ikifika hupanda jani, hupasua ngozi, huruka. Hewani wengi huishi majuma machache tu. Sehemu kubwa ya maisha yao ilikuwa majini.

Sisi nasi tunangojea karatasi, safari, au amani ya kurudi nyumbani. Tusiseme maisha yataanza siku hiyo. Katika Yeremia 29 Mungu aliwaagiza waliohamishwa Babeli wajenge, wapande bustani, wauombee mji ule. Basi tusomeshe watoto, tumtazame mjane na mgonjwa, tuiombee Kampala, tukiwa bado topeni.

Mungu awabariki.