Boneti Ilikuwa ya Moto

Muuguzi mmoja anayeishi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, alichoshwa na kugombea daladala baada ya zamu za usiku. Kazi yake iko mjini, njia ni ndefu, na asubuhi mwili unadai usingizi. Akaamua kununua gari dogo lililotumika, lisilokula mafuta mengi, lenye giaboksi ya otomatiki. Leseni aliipata akiwa mtu mzima na klachi hakuwahi kuizoea. Tena foleni ya Barabara ya Nyerere huuchosha mguu wa kushoto hata wa dereva mzoefu. Uamuzi wake haukuwa na kosa. Magari ya namna hiyo yanabeba familia nyingi nchini, na yakitunzwa hudumu. Kilichomponza ni kulinunua kwa siku moja.

Alikuwa na shilingi milioni 10, nusu akiba ya kikoba na nusu mkopo wa SACCOS. Dalali akamtumia picha kwa simu: gari jeupe linang'aa, viti vimevishwa vitambaa vipya, dashibodi inasoma kilomita 62,000.

"Dada yangu, hii alikuwa nayo mama mmoja, anaendea kanisani na sokoni tu," dalali alimwambia. "Milioni nane na nusu, unaondoka nayo. Ila kuna mtu anakuja kesho saa nne na hela mkononi."

Jioni hiyo muuguzi akamwendea jirani yake, mzee aliyefanya ufundi wa magari Gerezani tangu ujana wake. Baada ya shikamoo na marahaba akamweleza habari yote.

"Mwambie asiiwashe mpaka ufike," mzee alisema. "Kesho mimi nina msiba Kisarawe, mwanangu. Nisubiri Jumamosi twende wote."

"Mzee, Jumamosi nitaikuta?"

"Usipoikuta hiyo utakuta nyingine. Meli za magari hazijakoma kuja."

Alimshukuru mzee, lakini usiku kucha alimuwaza yule mtu wa saa nne. Saa moja na nusu asubuhi alikuwa ameshafika kwa mwenye gari. Gari lilikuwa linaunguruma, na alipopita mbele akaweka kiganja juu ya boneti, akakuta ni ya moto. "Nimeipasha kidogo, sista, betri isilale," mwenye gari akasema. Wakazunguka mtaa mara mbili kwenye lami tambarare. Kiyoyozi kilipuliza baridi, redio iliimba, gari liliteleza kama halina kasoro. Kabla ya saa nne fedha zilikuwa zimeshahama.

Kesho yake alfajiri, nyumbani kwake, aliwasha, akakanyaga breki, akatia D. Gari halikusogea. Likakaa sekunde mbili, tatu, kisha likaruka mbele kwa kishindo. Akampigia dalali. "Otomatiki zote ziko hivyo zikiwa za baridi, dada. Iache ichemke kidogo." Siku zilizofuata akazoea kuliacha lichemke. Kisha ikaja jioni ya foleni nzito ya Gongo la Mboto. Alipoanza kupanda kuelekea Pugu, injini ikalia kwa nguvu lakini gari halikuongeza mwendo. Fundi wa pembeni ya barabara akasema oili ya giaboksi imepungua, akaongeza iliyokuwapo kwenye dumu lake. Wiki haikuisha, gari likakata tamaa kabisa kwenye mlima uleule. Wasamaria wakalifunga kamba, wakalivuta mpaka Chanika, magurudumu yote manne yakiwa chini.

Mzee alipofungua nati ya kumwagia oili, kilichotoka kilikuwa cheusi na kilinuka kuungua. Aliposhusha sampo, bakuli la oili chini ya giaboksi, sumaku iliyomo ilikuwa imejaa unga wa chuma. Hakumgombeza. Alimuuliza swali moja tu: "Wewe ni muuguzi. Mgonjwa akimeza panado kabla ya kuja kwako, homa yake utaiona?"

Swali hilo ndilo kiini cha funzo hili, na kila anayetafuta gari la otomatiki anapaswa kulielewa. Ndani ya giaboksi ya otomatiki oili hailainishi tu. Ndiyo inayopitisha nguvu ya injini, ndiyo inayosukuma klachi za ndani zishike, na ndiyo inayopoza. Sili zikichakaa hukakamaa. Zikiwa za baridi presha ya oili huchelewa kujengeka, kwa hiyo unatia D na gari linasita. Zikipata joto kidogo hulainika, zikaziba vizuri zaidi, na kasoro ikajificha. Lakini safari ikirefuka, oili huchemka na kuwa nyepesi, presha huvujia kwenye nafasi zilizolika, na vyuma vinavyopaswa kushikana huanza kuteleza. Giaboksi iliyochoka husema kweli mara mbili: ikiwa ya baridi kabisa, na ikiwa imeshapata moto wa safari ndefu. Muuguzi alionyeshwa katikati peke yake. Aliyewasha gari alfajiri alificha mwanzo, na mzunguko mfupi wa mtaani ulificha mwisho.

Kwa hiyo ukienda kukagua gari, nenda asubuhi na uagize lisiwashwe. Ukifika, gusa boneti kabla ya kusalimiana sana. Ikiwa ya moto, sema kwa upole kwamba utarudi kesho. Ikiwa ya baridi, washa mwenyewe, shika breki, toa P kwenda R, kisha N, kisha D, ukisubiri kidogo kila mahali. Gari zima hushika mara moja, kwa mguso mwepesi. Likisita au likipiga kishindo, umeshaambiwa.

Kisha liendeshe saa nzima, kwenye foleni na kwenye mlima. Panda kwa mwendo wa taratibu na kwa mwendo wa kasi, usikilize kama injini inalia bila gari kuitika. Simama kwenye mwinuko, tia R, urudi nyuma ukipanda. Giaboksi dhaifu mara nyingi huumbuka hapo. Ukiondoka kutoka kusimama na gari likatetemeka kama linaogopa barabara, hiyo nayo ni dalili mbaya.

Jua pia ni giaboksi ya aina gani. Zipo otomatiki za kawaida zenye gia nne au zaidi, ambazo utazisikia zikibadilisha hatua kwa hatua. Zipo CVT, ambazo hazina gia za hatua: mkanda wa chuma hupita kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana, na mlio wa injini hupanda bila kukatika. Jina la gari peke yake halitakuambia. Toyota IST ya toleo la kwanza, iliyotoka 2002 hadi 2007, ina otomatiki ya gia nne, lakini IST iliyofuata yenye injini ya 1.5 ina CVT. Vitz za otomatiki za toleo la 1999 nyingi zina gia nne. Zilizotoka kuanzia 2005 nyingi ni CVT. CVT si mbaya, nayo husaidia kupunguza ulaji wa mafuta. Ila inataka oili yake maalumu, ile iliyoandikwa na mtengenezaji, kwa sababu oili hiyo ndiyo inayouwezesha mkanda kushika puli bila kuteleza. Gari la muuguzi lilikuwa la CVT, na oili ya lile dumu ilikuwa ya otomatiki ya kawaida. Gari lilikuwa gonjwa tayari. Oili ile ikaharakisha safari yake.

Kamba nayo ikamaliza. Pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanayosukuma gari yakiburuzwa barabarani, vyuma vya ndani huzunguka bila oili kuvifikia. Gari dogo la otomatiki linaloendeshwa na magurudumu ya mbele likiharibika, libebwe juu ya gari la kubebea magari mabovu, au angalau magurudumu hayo yainuliwe. Gharama yake huuma siku moja, lakini hukuachia kitu cha kutengeneza.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama uangalie kama kuna michirizi ya oili chini ya giaboksi. Pale penye kijiti cha kupimia, mwambie fundi akichomoe, aiangalie rangi ya oili na ainuse. Geuza ufunguo kabla ya kuwasha: taa za tahadhari zinapaswa kuwaka zote kisha zizime injini ikishawaka. Taa ya injini ambayo haiwaki kabisa huenda imeng'olewa ili ikufiche jambo. Kwenye Toyota nyingi za gia nne, taa ya O/D OFF inayomemeta yenyewe inaripoti hitilafu ya giaboksi. Lipime gari kwa kompyuta baada ya ile safari ya saa nzima, si kabla, maana kumbukumbu za hitilafu hufutwa kwa dakika chache na huhitaji muda wa barabarani kujirudia.

Kilomita za dashibodi usiziabudu, kwa kuwa hurudishwa nyuma. Kama gari limetoka Japani karibuni, omba karatasi ya mnada na cheti cha kufutiwa usajili, ulinganishe kilomita. Kwenye karatasi ya mnada, daraja la R au RA lina maana kwamba gari liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Namba ya chesi ilingane na ya kwenye kadi, na madeni ya faini yaangaliwe kabla ya fedha kutoka.

Muuguzi alinunua giaboksi iliyotumika, akalipa ufundi, akanunua oili sahihi. Akiba iliyobaki ikaisha, na akakopa juu ya mkopo. Kwa miezi kadhaa makato ya SACCOS yalipita kwenye mshahara wake kwa ajili ya gari lililokuwa juu ya mawe. Ujira wa fundi wa kumsindikiza Jumamosi ungekuwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Ndiyo maana anayepanga bajeti ya gari la otomatiki lililotumika asiimalize yote kwenye bei ya kununulia. Atenge ya fundi wa kukagua, atenge ya oili na chujio la giaboksi mara tu baada ya kununua, na abakize ya dharura.

Wako madalali waaminifu, na wako wauzaji watakaokupa gari asubuhi nzima ulipime unavyotaka. Anayeficha ugonjwa wa gari ajue kwamba anachukua jasho la mtu aliyekesha akihudumia wagonjwa. Lakini mnunuzi hawezi kusubiri dhamiri ya mwingine imlinde. Kinga yake ni muda. Sentensi ya "kuna mtu anakuja na hela" isikupe mbio. Ikupe sababu ya kupunguza mwendo. Omba asubuhi ya baridi, omba saa moja ya barabara, omba fundi wako awepo. Muuzaji akikubali, umepata nafasi ya kuujua ukweli. Akikataa, ameshakujibu, na fedha zako bado ziko mikononi mwako.