Risasi ya Kumi na Moja

Baba yangu mdogo, pale Buzebazeba, alikuwa na bunduki ya upepo. Diana, ya Kijerumani, kuukuu, kitako kimepasuka. Yeye alikuwa fundi baiskeli, na aliipata kama mafundi wanavyopata vitu vingi: mtu aliileta itengenezwe, akasikia bei, hakurudi. Kibali chake sikuwahi kukiona, na hilo sitalitetea hapa. Ninachotaka kukijadili ni ile raha aliyokuwa akiipata nayo, na niliyoipata mimi, na kama raha ya namna hiyo inaweza kuwa na deni kwa mtu ambaye hata hakuwepo uwanjani.

Nianze na raha yenyewe, maana wengi wanaoandika juu ya silaha huiruka, kana kwamba ni aibu kuitaja. Bunduki ya upepo haina baruti. Unaukunja mtutu kwenda chini, pistoni inarudi nyuma, springi inabanwa na kunaswa. Ukivuta kifyatulio, springi inaachiwa, pistoni inaruka mbele, na hewa iliyobanwa inakisukuma nje kirisasi cha milimita 4.5, chenye kiuno chembamba kama cha nyigu. Yaani ni pampu ya baiskeli yenye hasira. Ndiyo maana fundi baiskeli aliielewa siku ileile.

Alikaa nayo miezi. Washa ya ngozi iliyokuwa imekauka aliitupa, akakata nyingine kutoka kwenye ulimi wa kiatu cha zamani. Kitako alikichonga upya kwa mninga, akakipiga msasa jioni baada ya jioni, akikiweka begani, akikitoa, akikwangua tena kidogo pale panapogusa shavu. Kifyatulio kilikuwa kizito. Alikisugua mpaka kikawa kinakatika kama uzi uliooza. Mimi nilikuwa nashika taa. Wapo watu Ulaya na Marekani wanaofanya haya haya wakiwa na vyombo vya kupimia mwendo wa risasi. Kwenye Olimpiki bunduki ya upepo ya mita 10 imo tangu 1984, na kule alama ya katikati wanayoilenga ina upana wa nusu milimita. Baba mdogo alikuwa na kizibo cha soda kilichopigiliwa kwenye shina la mchikichi, hatua ishirini. Furaha nadhani ni ileile.

Na ndege alikuwa hampigi. Wanana walijaa kwenye ile michikichi, kelele mtindo mmoja, lakini alituambia mapema: atakayemlenga ndege hatashika tena bunduki. Kwa hiyo lile swali ambalo wengi wangeliuliza kwanza, la uhai wa kiumbe, kwetu halikuwepo. Hakukuwa na maiti. Kulikuwa na kizibo.

Basi ikawa siku moja, mwaka 1998 kama sikosei, akaona pistoni inakwama, akatia matone ya oili ndani ya silinda. Akatia mengi mno. Hewa ikibanwa ghafla huwa ya moto, na oili ikiwa humo huwaka, kama injini ya dizeli inavyojiwasha bila plagi. Alipofyatua, haikutoa ule mlio wake wa siku zote, kama mtu anayegonga meza kwa rula. Ilipiga kweli. Moshi wa bluu ukatoka mtutuni. Baba mdogo akacheka, mimi nikaruka kwa furaha: bunduki yetu imekuwa bunduki!

Nyumba ya pili yake aliishi mama mmoja aliyevuka ziwa mwaka 1996, vita vilipowaka Kivu Kusini. Wengi wa waliovuka walipelekwa Nyarugusu, kule Kasulu. Yeye alikuwa na shangazi hapa Ujiji, akabaki kwake. Tulimkuta amelala kifudifudi jikoni, watoto wake wawili chini yake, chungu cha maharage kinaungua. Hakulia, hakupiga kelele. Alituangalia tu, akauliza ni wangapi wanakuja.

Nimelifikiria swali lile kwa miaka. Sisi tulikuwa na maelezo yote ya fizikia, na yote yalikuwa ya kweli. Hakuna baruti. Haikulengwa kwake. Ni upepo tu, mama. Lakini mlio una watu wawili, anayeutoa na anayeusikia, na sisi tulikuwa tumejipa haki ya kueleza maana yake peke yetu.

Mji wetu wenyewe ulipaswa kutufundisha hilo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye misafara yake ya pembe na watumwa ilijulikana vizuri Ujiji, alieleza katika tawasifu yake ya Kiswahili kwamba jina la Tippu Tip alipewa kutokana na mlio wa bunduki zake, tip tip, kama walivyousikia waliopigwa nazo. (Wengine husema ni kwa sababu ya macho yake kupepesa. Mimi namwamini yeye.) Angalia hapo: jina analokumbukwa nalo hakulichagua. Limetoka kwenye masikio ya waliokuwa wakikimbia.

Na kama unadhani bunduki ya upepo ni jambo dogo mno kwa mazungumzo haya, mwishoni mwa Agosti 1803 Meriwether Lewis, akianza safari yake maarufu ya kuvuka Marekani, aliteremka kwenye kisiwa karibu na Pittsburgh akawaonyesha wenyeji bunduki yake ya upepo. Akafyatua mara kadhaa, watu wakastaajabu, akampa mwingine aishike. Ikafyatuka. Risasi ikapita kwenye kofia ya mwanamke aliyesimama yadi 40 hivi, ikamchana panjani. Akaanguka, wakadhani amekufa, baadaye akazinduka. Kisa kinaandikwa kwa kituko cha bunduki, na yule mama hatujui jioni ile alipikaje.

Barazani, kwenye kahawa, wazee walimtetea baba mdogo. Tukiogopa kila mlio tutaishije? Harusi zina ngoma, fundi bati anagonga, mvua ya Machi ina radi. Atazoea. Hoja hii si ya kijinga, na sijawahi kuishinda kikamilifu. Hatuwezi kumpa kila mwenye jeraha funguo za mtaa mzima. Lakini radi haina raha inayoweza kujinyima. Baba mdogo alikuwa nayo.

Kwanza aliifungua upya, akafuta oili yote, akapaka grisi nzito. Ndani ya springi akatia mkunjo wa bati la kopo la maziwa ili isitikisike. Mlio ukashuka sana. Fundi mwingine angetaka bunduki yake isikike. Yeye sasa alitumia ufundi wote kuinyamazisha, na nadhani ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizomwona akifanya. Halafu akaniweka mimi kuwa mjumbe. Kila Jumamosi naenda nyumba ya pili na kiberiti chenye virisasi.

"Hodi. Shikamoo mama. Baba mdogo anaomba kulenga."

"Marahaba. Iko ngapi leo?"

"Kumi."

Anafungua kiberiti, anahesabu kwa kidole, anakirudisha. Kisha anakaa mlangoni, anahesabu kwa sauti ya chini kila tukipiga. Ya kumi ikishalia, ananyanyuka na kuendelea na shughuli zake. Siku mbili tatu alisema leo hapana, na baba mdogo akaifunga bunduki kwenye gunia bila neno. Sikuwahi kumsikia akilalamika, ingawa najua iliuma.

Sasa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na Jumamosi moja baba mdogo aliitwa Gungu kwenye msiba baada ya risasi ya kumi. Aliniambia niirudishe ndani. Mfukoni nilikuwa na kirisasi kimoja nilichookota chini wiki iliyopita. Katika kumi zangu zote sikuwa nimegusa kizibo. Hakukuwa na upepo. Mninga ulikuwa na joto la jua, ukakaa shavuni kama ulichongwa kwa ajili yangu. Nilivuta pumzi, nikaiachia nusu, na kifyatulio kikakatika kama uzi.

Kizibo kilipigwa katikati. Niliiona rangi ikiruka.

Kisha nikasikia sufuria ikianguka nyumba ya pili, na mlango ukifungwa, na watoto wakiitwa kwa majina, moja baada ya jingine.

Sikwenda kuomba msamaha. Nilikwenda Jumamosi iliyofuata na kiberiti kama kawaida. Alikifungua, akahesabu kumi, kisha akanishika mkono akaupapasa mfuko wa kaptula yangu. Ulikuwa mtupu. Hakumwambia baba mdogo, si siku ile wala baadaye.

Nasema naijutia, na ni kweli. Ila ukiniuliza leo ni risasi gani nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, bado ni ileile.