Muda wa Matanga

Katika pwani ya Afrika Mashariki matanga aghalabu hukaliwa siku 3. Majirani hutandika mikeka, chakula hupikwa na mikono ya wengine, na mfiwa haachwi peke yake. Matanga yakisha kuondolewa kila mtu hurejea kazini kwake, na machozi yatokayo baada ya hapo huonekana kama deni lililopita muda wake. Mfiwa huambiwa basi, yatosha.

Aambiwaye hivyo hudhulumiwa. Siku 3 ni kipimo cha wajibu wa jamaa, si cha moyo wa mfiwa. Eda yalionyesha jambo hili wazi zaidi. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10; lakini akiwa mja mzito, eda yake hukoma ajifunguapo, hata kama mume alizikwa juma lililopita. Nani athubutuye kusema kuwa mama huyu, ampakatapo mtoto asiyepata kumwona baba yake, amekwisha huzunika?

Madaktari wa maradhi ya akili wa Marekani nao waliweka mpaka wao mwaka 2022: huzuni ya mtu mzima iliyopita miezi 12 yaweza kuhesabiwa ugonjwa. Walakini, na hii ni haki yao, hawakutosheka na kalenda. Hutazama pia kama mtu ameshindwa kuendesha maisha yake. Jirani akemeaye siku ya 4 hatazami hata hilo. Yeye ameona mikeka imekunjwa tu.